NYOKA WA SHABA: KIVULI KATIKA AGANO LA KALE, MWILI KATIKA AGANO JIPYA

Somo la Biblia kwa madarasa yote

Soma kwanza: Hesabu 21:4-9, 2 Wafalme 18:1-4, Yoane 3:1-15. Weka Biblia wazi mbele yako, maana hatutaandika mistari yote hapa. Tutataja pahali tu, na wewe utatafuta.

Ndugu wanafunzi, na ninyi waalimu wetu,

Katika kikundi chetu cha Biblia maswali mawili yamerudi mara nyingi. La kwanza: "Juu ya nini Mungu alikatazaka sanamu katika Amri Kumi, kiisha yeye mwenyewe anaambia Musa atengeneze nyoka wa shaba?" La pili: "Juu ya nini Bwana Yesu, kati ya mambo yote ya Agano la Kale, alichagua nyoka kuwa mfano wake?"

Maswali haya ni mazuri, na tunataka kuyajibu polepole. Lakini kuko sababu nyingine ya kuandika somo hili. Kila mwaka, wakati Exetat inakaribia, wanafunzi wa mwaka wa sita wanaanza kuitwa huku na huku. Mmoja anaambiwa alete biki zake zipakwe mafuta. Mwingine anauziwa kamba nyekundu ya kufunga mkononi, na anayeuza anafungua Biblia kabisa, anaonyesha kamba ya Rahabu katika Yoshua 2, anasema: "Ona, hii ilikuwa kivuli cha damu ya Yesu. Ukiivaa, hautaanguka." Mwanafunzi anatoa franka za mama yake, anavaa kamba, anaacha kurudilia masomo. Basi, kujua namna ya kusoma vivuli vya Agano la Kale si jambo la wapasta na maprofesa wa teolojia peke yao. Ni jambo la mfuko wako, la masomo yako, na la roho yako.

1. MAANA YA MANENO

Waandishi wa Agano Jipya wanatumia maneno mawili kueleza jambo hili. La kwanza ni KIVULI. Utalipata katika Wakolosai 2:17 na Waebrania 10:1. Kivuli kinaonyesha kwamba kitu kiko. Ukiona kivuli cha mtu ukutani unajua mtu anakuja, na pengine unajua kama ni mrefu ao mfupi. Lakini hauwezi kusalimia kivuli. Unangoja mwenyewe afike.

Neno la pili ni MFANO. Katika Kigiriki ni typos, na asili yake ni kupiga. Ni alama inayobaki kitu kikipigwa juu ya kitu kingine, kama muhuri juu ya karatasi. Katika Yoane 20:25, Tomaso anaposema juu ya alama za misumari katika mikono ya Bwana, neno la Kigiriki ni hilo hilo. Paulo analitumia katika Waroma 5:14 akisema Adamu alikuwa mfano wa yule atakayekuja, na tena katika 1 Wakorinto 10:6 juu ya mambo yaliyowapata Waisraeli jangwani.

Wazee waliopiga magazeti ya shule kwa stensili watafahamu upesi. Herufi ya mashine iligonga karatasi ya nta, ikaacha alama. Ukiangalia stensili yenyewe hauoni wino, unaona tundu ndogo tu. Lakini alama ilikuwa ya kweli, na wino ulipopita, maneno yalisomeka wazi. Agano la Kale lilipigwa na mkono wa Mungu katika mambo yaliyotokea kweli. Kristo alipokuja, maandishi yakasomeka.

Tusichanganye mfano na unabii. Unabii ni maneno: nabii anasema jambo litakuja. Mfano ni mtu, ao tendo, ao kitu, kilichokuwa na kazi yake wakati wake, na kumbe Mungu alikuwa anachora pia jambo kubwa litakalokuja nyuma. Musa alipopiga shaba ile jangwani hakusema habari za Masiya. Alitaka tu watu wasife.

2. HABARI YENYEWE, PAHALI PAKE

Waisraeli walitoka mlima Hori, wakazunguka inchi ya Edomu kwa sababu walikatazwa kupita. Njia ilikuwa ndefu, wakachoka, wakanungunika juu ya Mungu na juu ya Musa: hakuna mkate, hakuna maji, na mana tumeichukia. Nyoka wa moto wakaingia kambini, watu wengi wakafa. Ndipo watu wakaenda kwa Musa, wakakubali kosa lao, wakamwomba awaombee.

Angalia vizuri namna Mungu alijibu. Watu waliomba nyoka waondolewe. Mungu hakusema ataondoa nyoka. Alisema Musa atengeneze nyoka, amweke juu ya mti mrefu, na kila aliyeumwa akimwangalia ataishi. Nyoka walibaki chini, sumu ilibaki sumu, lakini njia ya uzima ilikuwa wazi kwa kila mtu, hata mzee asiyeweza kutembea, hata mtoto. Kuangalia hakuombi nguvu wala feza.

Na shaba ilitoka wapi? Sisi watu wa Lubumbashi tuna haki ya kuuliza swali hili. Mji wetu ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na mkoa wetu wenyewe uliitwa Shaba kuanzia mwaka 1971 mpaka 1997. Basi soma Hesabu 33:42-43. Kambi moja ya safari ile inaitwa Punoni, na kambi iliyofuata ni Oboti. Katika Hesabu 21:10, Oboti ndiyo kambi inayotajwa mara moja baada ya habari ya nyoka. Wataalamu wanasema Punoni ni Feinan ya leo, katika Yordani, na kule kuko migodi ya shaba ya zamani sana, yenye marundo ya takataka za kuyeyusha sawa vile mlima wetu mweusi wa takataka karibu na bomba la usine. Kusini zaidi, pahali panapoitwa Timna, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta mwaka 1969, katika mabomoko ya pahali pa ibada, nyoka mdogo wa shaba mwenye kichwa kilichopakwa zahabu. Hatusemi ndiye nyoka wa Musa. Tunasema tu kwamba habari hii inasimama juu ya udongo wa kweli, katika inchi ambamo watu walijua kuyeyusha shaba.

Katika Kiebrania maneno yanachezeana: nyoka ni nahash, shaba ni nehoshet. Aliyesikia habari hii kwa lugha yake alisikia nyoka ndani ya shaba na shaba ndani ya nyoka. Tena neno nehoshet lilibeba shaba safi na shaba iliyochanganywa pamoja, sawasawa na neno letu la Kiswahili. Ndiyo maana Biblia ya Kifaransa inasema airain, na sisi tunasema shaba tu, na hatukosei.

3. HEZEKIA ANAVUNJA

Sasa jibu la swali la kwanza. Mungu alikataza watu kutengeneza sanamu na kuziinamia. Nyoka wa Musa hakuwekwa ainamiwe. Aliwekwa aangaliwe kwa sababu Mungu alisema hivyo, na nguvu ilikuwa katika neno la Mungu.

Wayahudi wenyewe walilifahamu jambo hili. Kitabu cha Hekima, ambacho ndugu zetu Wakatoliki wanacho katika Biblia yao, kinaeleza katika sura ya 16 kwamba aliyegeuka kuangalia hakuokolewa na kitu alichokiona, aliokolewa na Mungu mwenyewe. Tena katika Mishna, mafundisho ya waalimu wa Kiyahudi yaliyokusanywa karibu na mwaka 200 baada ya Kristo, swali linaulizwa kama nyoka aliweza kuua ao kuhuisha. Jibu lao ni kwamba Waisraeli walipoinua macho na kutiisha mioyo yao kwa Baba wa mbinguni, walipona.

Lakini mwanadamu ni mwanadamu. Miaka mamia ikapita. Shaba ile ilihifadhiwa kama ukumbusho, na polepole ukumbusho ukageuka dawa. Katika karne ya 8 kabla ya Kristo, mfalme Hezekia alikuta watu wa Yuda wanachoma uvumba mbele ya nyoka. Akamvunja vipande vipande, na kitu kile kikaitwa Nehushtani, jina linalokumbusha shaba.

Tukae kidogo hapa. Hezekia alivunja kitu kilichotengenezwa na Musa mwenyewe, kwa amri ya Mungu mwenyewe, kitu kilichookoa babu zake. Na Biblia haimlaumu. Inasema alifanya yaliyo sawa. Juu ya nini? Kwa sababu alama ya njia ikianza kusimamisha watu mbele yake badala ya kuwaonyesha njia, haiko tena alama. Mtu anayekwenda Likasi akikuta kibao kimeandikwa Likasi, hawezi kulala chini ya kibao na kusema amefika.

4. BWANA YESU NA NIKODEMO

Nikodemo alikuwa mwalimu wa Israeli, alijua Hesabu 21 tangu utoto. Yesu hakuanza na jambo geni. Alichukua habari ambayo Nikodemo aliijua, akasema kwamba Mwana wa Adamu lazima ainuliwe namna ile nyoka aliinuliwa jangwani, ili kila anayemwamini apate uzima wa milele.

Tulinganishe mambo mawili haya.

Mambo yanayofanana:
(a) Watu wanakufa kwa ajili ya zambi yao, na hawana dawa.
(b) Dawa inatoka kwa Mungu, haitoki katika kambi.
(c) Kitu kinainuliwa juu pahali wote wanaweza kuona.
(d) Kinachoinuliwa kina sura ya kile kinachoua, lakini hakina sumu. Hapa njo kuna jibu la swali la pili. Nyoka wa shaba alikuwa na umbo la nyoka, bila sumu. Kristo alikuja katika mfano wa mwili wetu wa zambi, lakini yeye hakuwa na zambi. Soma Waroma 8:3 na 2 Wakorinto 5:21. Angechagua mwana-kondoo, na Yoane Mbatizaji alisema hivyo. Lakini kwa Nikodemo alichagua nyoka, ili afahamu kwamba laana yetu wenyewe ndiyo itakayotundikwa juu ya mti. Paulo anasema jambo hilo katika Wagalatia 3:13.
(e) Anayeangalia anaishi. Kuangalia kule ni kuamini huku.

Mambo yasiyofanana:
(a) Shaba haikuhisi kitu. Kristo aliteswa.
(b) Waliopona jangwani walikufa kiisha, kila mmoja siku yake. Kristo anatoa uzima usiokwisha.
(c) Nyoka aliinuliwa kwa ajili ya kambi moja. Katika Yoane 12:32 Yesu anasema akiinuliwa atavuta watu wote.
(d) Nyoka alivunjwa, akaisha. Kristo alivunjwa, akafufuka.

Ndugu, usisahau orodha ya pili. Watu wengi wanajua orodha ya kwanza peke yake. Lakini mfano siku zote ni mdogo kuliko kile kinachotimia. Katika Matayo 12:41-42 Bwana anasema hapa kuko mkubwa kuliko Yona, na mkubwa kuliko Solomono. Kama kivuli kinakuwa kikubwa kuliko mwili, basi jua linashuka na usiku unakuja.

5. WAKRISTO WA ZAMANI WALISOMA NAMNA GANI

Tangu mwanzo Kanisa lilikutana na hatari mbili.

Hatari ya kwanza ni kutupa Agano la Kale. Markioni, aliyefukuzwa katika kanisa la Roma mwaka 144 hivi, alisema Mungu wa Agano la Kale si Baba wa Yesu Kristo. Akaondoa vitabu vyote vya zamani, akabakiza Luka na barua za Paulo, na hata hizo akazikata. Kanisa lilikataa. Lilisema Mungu ni mmoja, na aliyetuma Musa ndiye aliyetuma Mwana.

Jambo hili linatuhusu sisi. Mmisionari Mprotestanti wa kwanza wa Katanga, Frederick Stanley Arnot, alifika Bunkeya kwa mfalme Msiri mwaka 1886. Nyuma yake Dan Crawford, aliyefariki Luanza mwaka 1926, alitumia miaka mingi kutafsiri Maandiko katika kiluba-sanga. Kwa kawaida watafsiri walitanguliza Agano Jipya. Katika Kiswahili cha Zanzibar pia, Agano Jipya lilikamilika mwaka 1879, na Biblia nzima ikatoka mwaka 1891. Basi wazee wetu wengi walijua mwili kabla ya kujua kivuli. Ndiyo maana mpaka leo wako Wakristo wanaoona Agano la Kale ni kitabu cha habari za vita tu. Lakini Yesu alipotembea na wanafunzi wawili njia ya Emau, Agano Jipya lilikuwa halijaandikwa. Alianza na Musa na manabii wote (Luka 24:27). Bila kivuli, wale wawili hawangemfahamu.

Hatari ya pili ni kuona kivuli pahali pote. Barua moja ya zamani inayoitwa ya Barnaba ilisoma Mwanzo 14:14, pahali Abrahamu ana watumishi 318. Katika Kigiriki herufi ni hesabu pia. 18 inaandikwa kwa herufi mbili za kwanza za jina Yesu, na 300 inaandikwa kwa herufi T, yenye sura ya msalaba. Basi mwandishi akasema: Abrahamu aliona Yesu na msalaba! Inapendeza, hapana? Lakini Mwanzo iliandikwa kwa Kiebrania, na katika Kiebrania hesabu ile haitoi herufi zile. Kivuli kile kilikuwa katika macho ya msomaji.

Yustino, aliyeuawa kwa ajili ya imani Roma karibu na mwaka 165, alifundisha pia juu ya nyoka wa shaba kuwa mfano wa msalaba. Lakini yeye alikuwa na msingi, maana Bwana mwenyewe alitangulia kusema. Hiyo njo tofauti.

Baadaye mashule mawili makubwa yaliendelea kubishana: Alexandria katika Misri, pahali Origene alifundisha, walipenda sana maana iliyofichwa, Antiokia katika Siria walisema tuanze na maana ya habari yenyewe, tujue kwanza nini kilitokea. Sisi tunasema tunahitaji Antiokia ili miguu ikanyage chini, ndipo tuinue macho.

6. KANUNI NNE

Kutoka kwa yote haya tunatoa kanuni nne. Ziandike katika kaye yako.

Ya kwanza: Mfano una miguu. Ni jambo lililotokea, lenye maana yake kwa watu wa wakati ule. Jua maana ile kwanza.

Ya pili: Mfano una daraja. Agano Jipya lenyewe linaunganisha, ao angalau tendo la Mungu ni la namna moja huku na huku. Rangi, hesabu, ao umbo peke yake si daraja.

Ya tatu: Mfano ni mdogo. Kilichotimia kinaupita, na mtu akiisha kupata mwili harudi kushika kivuli.

Ya ine: Mfano unaonyesha Kristo. Hauonyeshi muhubiri, wala chama, wala kabila, wala kitu cha kuuza.

7. TUPIME MAMBO MATATU

Kwanza, misalaba ya Katanga. Mmoja wetu aliuliza: "Wankambo wetu walitengenezaka misalaba ya shaba kabla ya wazungu kufika. Haiko kivuli cha msalaba wa Yesu?" Ni kweli misalaba ile ilikuwako. Wafua shaba wa Katanga waliimimina, ikatembea mbali kama feza. Wachimbaji wa mambo ya kale waliofanya kazi Sanga, kando ya ziwa Kisale, miaka ya 1957 na 1958, waliikuta katika makaburi yaliyozikwa miaka mamia kabla ya mmisionari yeyote. Mwaka 1960 mitatu iliwekwa katika bendera ya Katanga.

Tutumie kanuni. Miguu iko: ni historia ya kweli, na tuwe na furaha juu ya akili ya wankambo. Lakini daraja haliko. Umbo linafanana, kazi haifanani. Msalaba ule ulikuwa mali na feza. Msalaba wa Kristo ulikuwa mti wa kuulia watu. Kwa hiyo tunasema hapana, haiko mfano katika maana ya Biblia. Mhubiri anaweza kuanza na msalaba wa shaba ili watu wasikilize, sawa vile Paulo alianza na mazabahu ya Atene katika Matendo 17. Hiyo ni mlango wa kuingilia mazungumzo. Si unabii. Na hatuwapunguzii wankambo heshima tukisema hivyo. Tunawaachia kazi yao iwe yao.

Pili, kamba ya Rahabu. Hapa lazima tuwe wa haki. Klementi wa Roma, mwisho wa karne ya kwanza, alisema kamba ile nyekundu ilionyesha ukombozi kwa damu ya Bwana. Basi fikara hii si ya jana, na Mkristo anaweza kuifikiri kwa moyo safi. Lakini fungua pahali Agano Jipya linataja Rahabu: Matayo 1:5, Waebrania 11:31, Yakobo 2:25. Kamba haitajwi hata pamoja. Inatajwa imani yake, na kazi yake ya kupokea wapelelezi, na jina lake katika ukoo wa Bwana. Na tuseme hata kama kamba ilikuwa kivuli cha damu, kanuni ya tatu inajibu: damu imekwisha kumwangika, juu ya nini ununue kivuli? Anayeuza kamba leo anafanya kazi iliyofanywa na wachoma uvumba wa Nehushtani. Anachukua kitu kizuri cha zamani, anakikata kutoka kwa Kristo, anakiuza. Mtihani unataka kichwa kilichosoma na moyo uliotulia. Omba Mungu, kiisha fungua kaye.

Tatu, laana ya Hamu. Hii ni mbaya kuliko zote, na imefanya watu wetu walie. Kwa miaka mamia wako Wakristo waliosema Hamu ni mfano wa watu weusi wote, na kwamba utumwa wao uliandikwa katika Mwanzo 9. Wako Waafrika walioamini hivyo juu yao wenyewe, na hata leo mtu akikosa kazi anaweza kusema, "Sisi ni bana ba Hamu, tulilaaniwa." Basi soma Mwanzo 9:25 polepole. Nani analaaniwa? Ni Kanaani, si Hamu. Angalia Mwanzo 10:6, wana wa Hamu ni wane: Kushi, Misri, Puti na Kanaani. Kushi, inchi ya watu weusi, haikutajwa katika laana. Rangi ya ngozi haikutajwa kabisa. Miguu haiko, daraja haliko, na Kristo haonekani ndani yake. Kilichoonekana ni faida ya mwenye kuuza watumwa. Kivuli hiki hakikuangushwa na mkono wa Mungu. Kilichorwa na mkono wa mwenye mnyororo.

Kuko neno moja la kuongeza. Kama hatutaki watu watumie Biblia kutudharau, sisi nasi tusiitumie kuwadharau Wayahudi, tukisema wao walikuwa na kivuli cha bure. Kivuli kile kilikuwa mkate wao jangwani, na walitutunzia vitabu. Paulo anatuonya katika Waroma 11:18 tusijisifu juu ya mizizi inayotubeba.

8. SWALI LA MTU WA KUSHI

Katika Matendo 8 mtu mmoja Mwafrika, mkubwa wa hazina ya malkia Kandake, alikuwa ndani ya gari lake anasoma Isaya 53. Alisoma habari ya yule aliyechukuliwa kama kondoo. Hakusema, "Huyu ni mimi." Hakusema, "Hii ni dawa ya safari yangu." Alimwuliza Filipo kama nabii alisema juu yake mwenyewe ao juu ya mwingine. Filipo akaanza na andiko lile lile, akamhubiri Yesu. Yule mtu akabatizwa, akaenda zake kwa furaha.

Swali lake ndilo tunalowaachia ninyi wote. Mtu yeyote akifungua Agano la Kale mbele yako, katika kanisa, katika redio ao kwenye arrêt ya bisi, na kusema, "Hii ni kivuli," umwulize kwa heshima: Kivuli cha nani? Jibu likiwa Kristo, na daraja likionekana, pokea. Jibu likiwa yeye mwenyewe, ao kitu kilicho katika mfuko wake, kumbuka Hezekia.

MASWALI YA KUFANYA KATIKA KIKUNDI

1. Soma 1 Wakorinto 10:1-11. Paulo anataja mambo gani ya jangwani? Je, nyoka wanatajwa? Anatoa onyo gani kwa Wakorinto?
2. Soma Mwanzo 22 na Waebrania 11:17-19. Andika orodha mbili juu ya Isaka na Kristo: yanayofanana na yasiyofanana.
3. Yona 1:17 na Matayo 12:38-41. Daraja liko wapi?
4. 1 Petro 3:20-21 inaunganisha maji ya Noa na ubatizo. Maji yale yaliua wengi na kubeba wachache. Hilo linatufundisha nini juu ya ubatizo?
5. Katika nyumba yako, ao katika kanisa lako, kuko kitu kizuri cha zamani ambacho kimeanza kuwa Nehushtani? Usitaje mtu. Taja kitu, na useme kwanza kilisaidia watu namna gani.

Majibu ya swali la 2 tutayasoma pamoja katika mkutano ujao wa kikundi. Yeyote anaweza kuja, hata asiye wa kanisa letu. Alete Biblia yake, ya Kiswahili ao ya Kifaransa.

Kikundi cha Biblia